Siku 10 za fungate Ugiriki: punguzeni vituo

Hongereni sana kwa ndoa! Umeuliza kama siku 10 za Septemba zinatosha Athens, Meteora, Nafplio, Mykonos, Santorini na Krete. Hapana, ndugu yangu, mtashinda bandarini mkiburuta mabegi.

Athens kaeni siku mbili, Akropoli, kilima chenye magofu ya kale, mpande asubuhi mapema kabla ya jua kali. Kisha basi hadi Nafplio, saa mbili na kitu. Huo ndio mji wa kuwa wawili: vichochoro vya mawe, maua yakimwagika kutoka roshani, na ngome ya Palamidi juu ya mlima. Nafplio ulikuwa mji mkuu wa nchi hadi 1834. Meteora, yale majabali yenye monasteri juu yake, iacheni, iko kaskazini, njia nyingine kabisa.

Rudini hadi Piraeus, bandari ya Athens, mpande meli ya kwenda kisiwa cha Naxos. Ile kubwa huchukua kama saa tano, ila unakaa nje ukitazama visiwa vikipita. Fukwe zake ni ndefu, na bei nafuu kuliko Santorini. Santorini iwe ya mwisho, siku mbili, mrudi Athens siku moja kabla ya ndege ya nyumbani, maana upepo ukichafuka meli husimamishwa.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia Ugiriki na nchi nyingi za Ulaya, ombeni mapema. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari.