Kompyuta ya Gemu kwa Fedha Yenye Kikomo: Anza na Kadi ya Michoro

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninakusanya vifaa vya kuunda kompyuta ya kuchezea gemu mpya kwa ubora wa juu, na fedha niliyotenga haiwezi kuongezeka. Monita tayari ninayo, ya pikseli 2560 kwa 1440 na hezi 165. Orodha niliyoiandaa ina prosesa ya Ryzen 9 9950X, ubao mama wenye chipseti ya X870E, RAM ya GB 64, kipozeo cha maji chenye feni tatu, SSD ya PCIe 5.0, kadi ya michoro ya GeForce RTX 5060 yenye GB 8, na pawa saplai iliyoandikwa wati 1000 ambayo nimeipata kwa bei ya chini mno. Prosesa na ubao mama pekee vimekula karibu nusu ya fedha, ilhali kadi ya michoro haijafikia hata moja ya tano. Je, mgawanyo huu umekaa sawa? Na je, vipo vifaa ninavyoweza kununua vilivyokwisha kutumika bila kujuta baadaye?

JIBU: Ndugu msomaji, vifaa ulivyovichagua ni vizuri karibu vyote kikiangaliwa kimoja kimoja, ila orodha hiyo inamfaa zaidi mtu anayehariri video au kukusanya programu kubwa kutwa nzima kuliko mtu anayecheza gemu. Kwa kazi uliyoitaja, mgawanyo umepinduka: fedha imekwenda kwenye vifaa ambavyo gemu haitavitumia kikamilifu, na kifaa kinachochora picha kimeachiwa masalio. Ninakushauri uifute orodha yote na uianze upya kutoka kwenye monita uliyonayo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoamua kazi itakuwa kubwa kiasi gani.

Monita yako ina pikseli 3,686,400, na ile ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600. Kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa, ina kazi zaidi kwa takriban asilimia 78, na kazi hiyo ya ziada inaiangukia kadi ya michoro, si prosesa. Prosesa hupanga mambo: nani amesimama wapi, risasi imempata nani, kitu gani kinapaswa kuchorwa, kazi hiyo haibadiliki sana hata pikseli zikiongezeka. Hata hivyo hezi 165 zina dai lake, maana zinataka fremu moja kila baada ya milisekunde 6 hivi, na prosesa dhaifu itachelewa kuzipanga kwa mwendo huo. Unahitaji prosesa yenye kasi ya kutosha na kadi yenye nguvu nyingi, kwa mpangilio huo wa uzito.

Kadi ya michoro, kwa hiyo, ipewe kati ya asilimia 40 na 45 ya fedha ya kasha lote. Tatizo la RTX 5060 kwenye monita yako si kasi yake tu, bali zile GB 8 za kumbukumbu. Gemu nyingi za miaka ya karibuni, zikiwekwa kwenye ubora wa juu wa sura za vitu, hujaza GB 8 na kutaka zaidi. Ikifika hapo, kadi hulazimika kuazima nafasi kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia ya PCIe, ambayo ni nyembamba mno ikilinganishwa na njia iliyoko ndani ya kadi yenyewe. Utaliona kwa macho: ukuta unabaki na ukungu kwa sekunde mbili tatu kabla ya matofali kujitokeza, au unageuka ghafla na picha inashtuka kisha inaendelea. Kipimo cha wastani cha fremu kinaweza kusomeka vizuri wakati huohuo, ndiyo maana watu wengi huhangaika na draiva wiki nzima bila kugundua kwamba kumbukumbu ndiyo iliyojaa.

Lengo lako liwe Radeon RX 9070 yenye GB 16, au GeForce RTX 5070 yenye GB 12, zote za mwaka 2025. Mimi ningechagua ya kwanza kwa mtu anayekusudia kukaa na kadi miaka minne au zaidi bila kuibadilisha, kwa sababu ya zile GB 4 za ziada. Anayependa sana ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing), yaani vivuli na mng'ao vinavyokokotolewa kama mwanga halisi, ana sababu nzuri ya kuipima ya pili. Fedha ikigoma kufika huko, RTX 5060 Ti ya GB 16 ni bora kwako kuliko ndugu yake ya GB 8, na hapa uwe mwangalifu sana, kwani jina la kadi hizo mbili ni moja na tofauti imeandikwa pembeni tu mwa boksi. Usidharau pia teknolojia za kukuza picha, yaani DLSS na FSR: zikiwekwa kwenye daraja la ubora kwa monita yako, gemu huchorwa kwa takriban pikseli 1706 kwa 960 kisha hukuzwa, na kwa matoleo ya sasa ya teknolojia hizo jicho hupata shida kuona tofauti.

Tuje kwenye prosesa. 9950X ina viini 16, na gemu nyingi hazina kazi ya kuvipa vyote. Kinachozisaidia gemu ni kasi ya kiini kimoja kimoja na ukubwa wa kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Ndiyo maana Ryzen 7 9800X3D, yenye viini 8 tu lakini kashe ya ngazi ya tatu ya MB 96, huishinda 9950X katika gemu nyingi, tena kwa bei ya chini. Lakini hata hiyo sikushauri uikimbilie sasa. Chukua Ryzen 5 7600, yenye viini 6 na nyuzi 12. Inatumia umeme kidogo, na ile inayouzwa ndani ya boksi huja na feni yake, hivyo kipozeo cha maji kinaondoka kwenye orodha mara moja. Feni hiyo ikikusumbua kwa kelele, kipozeo cha hewa cha mnara chenye feni moja kitatosha kabisa.

Sababu ya kukutuliza na prosesa ndogo ni soketi, yaani tundu la ubao mama ambamo prosesa hukaa. Soketi ya AM5 ilianza mwaka 2022, na AMD, mtengenezaji wa Ryzen, imetangaza kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Tulishaona faida yake kwa AM4, soketi iliyoitangulia: mtu aliyenunua ubao mama mwaka 2017, wakati Ryzen za kwanza zinatoka, aliweza mwaka 2022 kusasisha BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na kuchomeka Ryzen 7 5800X3D kwenye ubao uleule, ilimradi mtengenezaji wa ubao huo alitoa sasisho linalohitajika. Nawe unaweza kuanza na 7600 leo, na baadaye 9800X3D itakaposhuka bei ukaitia bila kugusa kitu kingine. Kwa hiyo ubao mama wa B650 au B850 unatosha. Kagua tu kama una nafasi nne za RAM, nafasi mbili za SSD za M.2, na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa, ambacho kitakuokoa siku ya mabadiliko hayo.

RAM, GB 32 za DDR5 zilizo kwenye vijiti viwili, kwa kasi ya 6000. GB 64 hazitakuongezea fremu. SSD, ile ya PCIe 4.0 ya TB 1 au 2. Ya PCIe 5.0 inasoma kwa kasi ya kustaajabisha kwenye vipimo, ila gemu inapofunguka tofauti kati yake na ya 4.0 ni ndogo mno kuweza kuilipia. Kasha, chagua lenye wavu mbele na feni zinazovuta hewa, na achana na la kioo kitupu kwa mbele.

Kuhusu pawa saplai nitasema kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo orodha yako inaponitia hofu. Maandishi makubwa ya ubavuni hayakuambii kitu. Geuza kifaa, utafute jedwali dogo lililobandikwa, usome safu ya volti 12, kwa sababu kadi ya michoro na prosesa hula kutoka hapo. Niliwahi kuletewa kompyuta iliyokuwa ikizimika kila gemu inapochangamka, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha RAM mara mbili. Pawa saplai yake ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu. Nje iliandikwa wati 750, ila kwenye jedwali safu ya volti 12 ilisomeka ampea 38. Zidisha 38 kwa 12: ni wati 456 tu, na hizo ni kwa ahadi ya mtengenezaji. Kadi za kisasa pia huvuta umeme kwa mishtuko ya milisekunde chache inayopita kwa mbali kiwango chake cha wastani, na mishtuko hiyo ndiyo iliyokuwa ikiizima.

Kwa orodha mpya, RX 9070 inahitaji wati 220, prosesa ikikazwa haitavuka sana 90, na vilivyobaki tuvikadirie wati 60. Jumla haifiki 400. Pawa saplai ya wati 650 au 750 ya mtengenezaji anayeaminika, iliyo katika kiwango cha ATX 3.0 au zaidi, kinachozingatia mishtuko hiyo, na yenye dhamana ya miaka mingi, itakutosha hata baada ya kubadilisha prosesa. Alama ya 80 Plus Gold ni nzuri kuwa nayo, ila inapima ni umeme kiasi gani unaopotea njiani. Haisemi lolote kuhusu ulinzi dhidi ya shoti.

Sasa vilivyotumika. Prosesa iliyotumika sina shaka nayo, maana huharibika kwa nadra sana. Za AM5 hazina miguu, miguu iko kwenye ubao mama, kwa hiyo ubao uliotumika ndio wa kumulikwa kwa tochi ndani ya soketi, ukitafuta mguu hata mmoja uliolala. Kadi ya michoro nunua ukiwa umeiona ikicheza gemu nzito kwa nusu saa mbele yako, ukisikiliza feni na kutazama joto, na uhakikishe kwa programu ya GPU-Z kwamba ina kumbukumbu unayoambiwa. Pawa saplai iliyotumika usinunue. Ukipewa bure na jamaa, bado usichomeke nyaya zake kwenye pawa saplai nyingine, hata kama tundu linakubali. Mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya watengenezaji, na kosa hilo huunguza SSD na ubao mama kwa pamoja.

Ukishaunganisha, vijiti vya RAM viwe kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ingia kwenye BIOS uwashe EXPO, yaani mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa, vinginevyo RAM uliyoilipia 6000 itatembea kwa 4800 au karibu na hapo. Waya wa monita uchomekwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama, kisha ufungue mipangilio ya skrini katika Windows uchague hezi 165, kwa sababu mara nyingi huanza na 60. Gemu ikibaki nzito baada ya hayo, shusha pikseli kwa muda: fremu zikiongezeka, kadi ndiyo iliyofika kikomo, zisipoongezeka, ni prosesa. Na ikiwa ni kadi, punguza vivuli kwanza kabla ya kugusa ubora wa sura za vitu, kwani vivuli hula nguvu nyingi, ilhali sura nzuri hazikugharimu kasi ya maana maadamu kumbukumbu ya kadi haijajaa.