Matunzo ya mtoto yakatwe kazini: amri iandikwe vipi

Amri ya matunzo isiyomtaja mwajiri huishia kabatini. Mwezi wa kwanza pesa zinakuja, wa pili nusu, wa tatu simu haishikwi. Ukifungua kesi Mahakama ya Watoto, Tononoka, Mombasa, omba tangu siku ya kwanza mshahara wa mzazi mwenzako ukatwe kazini. Andika jina kamili la mwajiri, kiasi, tarehe ya kulipa na akaunti ya kupokelea. Omba pia amri ya muda, mtoto asilale njaa kesi ikiahirishwa.

Panapokwamisha wengi ni hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara: anayelipwa 36,000 lazima abaki na 12,000. Sasa kama kodi na mikopo ya sacco vimeshakula 22,000, ya mtoto ni 2,000 tu. Kwa hivyo iombe mahakama imwamuru alete karatasi zake za mshahara, uzisome mstari kwa mstari. Mkopo uliochukuliwa baada ya kesi kuanza, mwonyeshe hakimu.

Matibabu yawe na mstari wake kwenye amri. Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote. Huyo wa 36,000 hukatwa 990, awe na mtoto mmoja au sita. Kumwongeza mtoto hakumgharimu hata shilingi, basi usikubali bima ihesabiwe kama sehemu ya pesa za chakula. Lakini kukatwa peke yake hakumwingizi mtoto: lazima mzazi amsajili kama mtegemezi wake, cheti cha kuzaliwa kikiwepo. Amri itaje tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo.

Amri ikitoka, chukua nakala yenye muhuri wa mahakama uipeleke kwa afisa wa mishahara, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila huo, kampuni itasema haikuona kitu.

Kibarua na dereva wa tuktuk hawana mshahara wa kukatwa. Hapo alipe kwa M-Pesa, nawe usifute ujumbe hata mmoja. Malimbikizo yakizidi, omba aitwe mahakamani ajieleze. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo.

Na akihama kazi, mwajiri mpya hafungwi na amri iliyomtaja wa zamani. Rudi na nambari ileile ya kesi, uombe jina libadilishwe.