Kamera ndani ya glaida: kwa mnaoanza kupiga picha za milima

Wanaoanza huniuliza wanunue kamera gani. Kamera yoyote ya wastani inatosha. Swali la kuulizana kabla ya kuruka ni hili: nani anaishika ndege wakati wewe unapiga picha? Kama leseni yako bado mbichi, panda na mwenzako kwenye glaida ya viti viwili, na mkabidhiane kwa mdomo. "Shika ndege." "Nimeshika." Hapo ndipo mkono wako uguse kamera. Ukiwa peke yako, funga kamera ndogo kwa uimara, mbali na dira isije ikaipotosha, na uiache ijipigie yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa.

Nasisitiza hilo kwa sababu glaida haina injini. Mlimani unabebwa na upepo unaogonga mteremko na kulazimika kupanda, na upepo huo uko karibu na mwamba, mahali ambapo macho hayatakiwi kuacha kutazama nje hata kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde tatu za kuhangaika na skrini zinakula zaidi ya mita 80, na kwenye mteremko huohuo kuna wenzako wanakuja. Mkikutana uso kwa uso, mwenye mlima kushotoni kwake ndiye anayepisha, maana yule mwingine hana pa kukwepea. Kugeuka, siku zote ni kuelekea bondeni.

Kwa hiyo mimi hupata kimo kwanza bila kugusa kamera, kisha hutoka kuelekea bondeni, nikaangaza pande zote, ndipo nikapiga. Na hupotezi chochote: ukiusogelea mno mlima unapata ukuta wa mawe tu, hakuna kilele wala bonde la kuonyesha ukubwa wake. Ncha ya bawa ikiingia kwenye picha, iache. Ndiyo inayompa mtazamaji kipimo.

Kinachoharibu picha nyingi ni kioo kinachomfunika rubani, ambacho kwa kweli ni plastiki ya akriliki. Shati jeupe huakisiwa humo na kutokea kama ukungu juu ya theluji, kwa hiyo vaa nguo nyeusi, na kofia iwe ya rangi ya giza pia. Kichujio cha polaraiza, kile cha kupunguza mng'ao mbele ya lenzi, kiache nyumbani; kikikutana na akriliki hutoa michirizi ya rangi za upinde wa mvua. Lenzi isogeze karibu na kioo lakini isikiguse, kwani itapokea mtikisiko na kukikwaruza. Piga ukikielekea moja kwa moja, kwa sababu ukipiga kimshazari kwenye sehemu iliyopinda picha hupoteza ukali. Penye kidirisha cha pembeni kinachofunguka, kitumie. Kuosha ni kwa maji mengi na kitambaa laini safi. Dawa za vioo vya nyumbani zenye amonia huweza kukipasua nyufa ndogondogo.

Mipangilio haina siri kubwa: kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, fokasi uiweke mbali na kuifunga hapohapo isije ikang'ang'ania mikwaruzo ya kioo, na penye theluji nyingi ongeza mwanga kidogo, la sivyo itatoka ya kijivu. Betri ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili, maana baridi huimaliza upesi. Vifuniko vya lenzi viache chini. Kikidondoka kinaweza kukwama kwenye pedali au chini ya usukani.

Jambo linalowasumbua wapiga picha kuliko yote ni saa. Hewa moto inayopanda huwa na nguvu mchana, wakati mwanga hauna kivuli, na hulegea jioni mwanga unapopendeza. Tena mteremko unaokubeba mara nyingi ndio unaotazama jua, kwa hiyo ukiupiga kwa mbele unatoka bapa. Elekeza lenzi kufuata urefu wa mgongo wa mlima, kivuli kitajitokeza.

Mawimbi ya hewa upande wa pili wa mlima ndiyo hukuokoa, kwa kuwa hayategemei joto la jua. Utayatambua kwa mawingu ya umbo la dengu yanayosimama palepale. Ukishapita msukosuko ulio chini yake, hewa hutulia kiasi cha kushangaza. Kwa mawimbi hayo glaida ya Perlan 2 ilipita futi 76,000 nchini Argentina mwaka 2018. Wewe hutafika huko, ila oksijeni utaihitaji mapema: sheria za Marekani zinamtaka rubani aitumie akizidisha dakika 30 juu ya futi 12,500, na muda wote juu ya futi 14,000. Ubongo uliokosa oksijeni huridhika na kila kitu, hata picha zilizotikisika.

Kabla ya kuanza mzunguko wa kutua, kamera iwe imeshafungwa mahali pake, hata kama jua la jioni ndiyo kwanza limeanza kuigusa theluji.