Baba watoto ameshatengeneza boti, mimi bado naogopa ziwa

SWALI: Habari dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, wana miaka 11, 8 na 4, tunakaa Entebbe. Mume wangu ni fundi mbao, miaka miwili amekuwa anarekebisha boti moja ya zamani ya tanga na sasa imekuwa tayari, anataka likizo ya Desemba tupande wote, twende Kalangala, Bukoba mpaka Mwanza kwa dada yake, turudi shule zikifunguliwa. Yeye amekulia kisiwani. Mimi wa Mbarara, kuogelea sijui, na usiku radi ikilia ziwani silali. Nikimwambia naogopa ananijibu mbona boda unapanda kila siku. Watoto wameshaanza kupanga mabegi. Nikikataa nimeharibu furaha ya nyumba, nikikubali hata sijui nakubali nini. Nifanyeje?
Mama Watatu, Entebbe

JIBU: Mama Watatu, pole dada yangu, na hongera pia, mume anayetaka kusafiri na familia yake nzima si jambo dogo.

Nianze na hiyo radi maana hujakosea hata kidogo. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji kwa hiyo upepo unatoka ziwani unakuja kwetu, usiku mambo yanageuka, nchi inapoa na umande, yaani upepo wa nchi kavu, unavuma kutoka kila upande kwenda katikati ya ziwa, huko hewa inakutana, inapanda juu, na mvua ya radi inazaliwa hapohapo juu ya maji, mara nyingi kuanzia usiku wa manane mpaka asubuhi. Ndo hiyo unayoisikia ukiwa kitandani. Halafu Ziwa Victoria ni pana, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake pale parefu kabisa ni kama mita 80 tu, na upepo ukiyapiga maji yake yanatoa mawimbi mafupi yaliyosimama, moja halijapita lingine limefika. Mumeo anayajua haya yote, lakini kujua kwake hakukusaidii kama hajakaa na wewe akakueleza.

Kwa hiyo usiku boti iwe imetia nanga kwenye ghuba iliyofichika, hapo msibishane. Radi ni moja tu ya sababu, kuna nyavu hazina taa, kuna wavuvi wa mukene (dagaa) wako kazini, kuna gugumaji na visiwa vya mafunjo vinaelea vinakotaka. Asubuhi mkishasoma utabiri wa ziwa wa mamlaka ya hali ya hewa na mkaona mawingu ya usiku yametawanyika ndo mng'oe nanga, umande uliobaki utawasukuma vizuri tu. Baadaye mchana upepo unageuka unawajia usoni, na ukitoka Entebbe kwenda kusini hapo ni kubisha, mara kulia mara kushoto, mnatembea sana na kufika hamfiki. Feri ya Nakiwogo inachukua kama saa tatu na nusu kufika Lutoboka, gati la Kalangala, nyie wa tanga msijipime nayo, wekeni siku nzima.

Sasa hilo la boda. Kwenye boda dereva akianguka na wewe umeanguka naye, mnabaki pamoja hapohapo barabarani. Kwenye boti akianguka yeye majini wewe unaendelea kwenda, na watoto watatu, tanga limejaa upepo, na kila dakika yeye anazidi kuwa mdogo huko nyuma. Nani atageuza boti? Muulize hilo kwa upole, msiwe mmekasirika, na asijibu kwamba yeye hawezi kuanguka.

Mimi ningefanya hivi. Wikendi kadhaa mtoke nyinyi wawili tu, watoto wabaki kwa bibi au jirani, msiende mbali. Yeye atupe jerikani ya njano tupu majini bila kukwambia, kisha akae kimya mikono mapajani, wewe ushike usukani, ulegeze tanga, urudi, usogee taratibu mpaka uikamate kwa mkono. Mara ya kwanza utaipita, ya pili utaigonga, ni kawaida kabisa. Yule wa miaka 11 naye baadaye afundishwe kushusha tanga peke yake.

Laifujaketi usinunue kwa kuangalia rangi. Mvalishe yule wa miaka 4, funga kila mkanda, halafu shika jaketi pale mabegani umnyanyue. Kama jaketi linapanda mpaka masikioni na mtoto anateleza chini, ni kubwa, majini litamvuka kichwani libaki linaelea peke yake. Tafuta saizi yake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na livaliwe toka gatini mpaka gatini, na wewe na baba pia, watoto wanaiga. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, wala sio mbali na nchi kavu, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi na zaidi ya watu 30 walikufa. Ile habari mimi bado inaniuma.

Kuogelea jifunze kwenye bwawa la hoteli, pembeni ya ziwa penye majani kuna konokono wa kichocho, watoto wasichezee maji hapo, na mkirudi mwone daktari awaambie lini mmeze prazikwanteli. Maji ya kunywa chemsheni.

Mwanza Desemba hii hapana. Hata ndege ikinyoosha ni zaidi ya kilomita 280, nyie mnapita Bukoba, mnatembea mchana tu, na mnakimbizana na tarehe ya shule, hiyo haraka ndo inafanya mtu ang'oe nanga siku ambayo hakutakiwa. Yule mpelelezi Stanley mwaka 1875 alizunguka ziwa hili kwa boti yenye tanga, siku 57. Tena kule Tanzania kuna uhamiaji, paspoti za watoto, kadi za homa ya manjano, hayo yanataka muda.

Kalangala inatosha kwa mwanzo. Siku utakayoikamata ile jerikani mara tatu mfululizo na yeye hajafungua mdomo, waambie watoto wamalize kupanga mabegi. Habari za dada yake wa Mwanza mtaziongea Lutoboka, nanga ikiwa chini na watoto wamelala.