Kidonge kumezwa si kidonge kufika

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukubali daktari akupandishie levothairoksini, dawa yako ya tezi ya shingoni, kutoka mikrogramu 100 hadi 125, maana TSH, kile kipimo cha damu kinachopanda homoni ya tezi ikipungua, imepanda tena na wewe hujaruka hata siku moja. Kwamba unameza, nakuamini. Ninalojiuliza ni kama inafika. Kiungulia na tumbo kujaa gesi umevitaja mwishoni kabisa mwa barua yako, nami nimekwama hapo hapo.

Kidonge hicho hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, lakini lazima kwanza kiyeyuke tumboni, na kuyeyuka kunataka asidi. Huenda una H. pylori, bakteria anayeishi tumboni: hujihami kwa kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia huzimua asidi. Akikaa miaka, uvimbe anaouleta waweza kuua hata seli zinazotoa hiyo asidi. Basi kidonge kinashuka hakijayeyuka sawasawa, na sehemu yake inatoka na choo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye tumbo la namna hiyo walihitaji dozi kubwa zaidi kwa asilimia 22 hadi 34. Kuharisha siku mbili ni jambo jingine: dawa hii huchukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo siku mbili haziyumbishi TSH.

Unaikumbuka mikono ya bibi yako ule mwaka? Dozi ilipandishwa mara tatu mpaka 150. Baadaye ndipo tumbo likapimwa, bakteria akaonekana, bibi akatibiwa siku 14, akapona. Tulishangilia. Aliyemtibu tumbo hakuuliza habari za dawa ya tezi, na aliyempa dawa ya tezi hakuambiwa kwamba tumbo limepona. Dawa iliyokuwa ikipotea njiani sasa ikawa inaingia, ikamzidi. Usiku moyo ukamwenda mbio. Akishika kikombe kinagongagonga kisahani. Tukasema ni uzee. Neno hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu kilichohitajika ni kipimo kimoja tu cha TSH, wiki 6 hadi 8 baada ya matibabu.

Lakini nisimsingizie bakteria. Wengi wanaye na dozi zao hazitikisiki. Huenda shida ni kahawa tu: kidonge kimezwe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kahawa au chakula, na vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali nacho saa 4. Hata omeprazole unayokunywa kiungulia kikizidi inapunguza asidi, na hiyo peke yake yaweza kupandisha TSH.

Ukipima, pima choo au pumzi. Kipimo cha damu kiache, maana kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya bakteria kwisha. Omeprazole iachwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria hupungua kwa muda na majibu yatakudanganya. Ukitibiwa, rudia kipimo angalau wiki 4 baada ya kumaliza dawa.

Najua unasubiri niseme ukubali 125 au ukatae. Mkono unaniwasha niandike "kataa". Ila TSH ikiwa juu sana, kukaa miezi na homoni pungufu nako kuna madhara, na namba yenyewe hukuniandikia. Daktari anaiona, mimi siioni. Mwambie habari za tumbo kabla hajaandika cheti cha dawa, maana kidonge kumezwa si kidonge kufika. Na kama utapandishiwa, kisha ukatibiwa tumbo, TSH ipimwe upya wiki 6 hadi 8 baadaye, hata ukijisikia vizuri.

Niandikie hiyo namba, na saa unayomeza kidonge, na unachokunywa baada yake.

Mama yako