Wadogo zangu wa besi za zamani, shingo ya ofiklaidi haikatwi

Kijana mwingine ameniuliza nimwelekeze fundi wa kumfupishia shingo (bomba linaloshika kipande cha mdomo) ya ofiklaidi, ile besi ya shaba ya zamani yenye vifuniko badala ya valvu, ili ifike 442, yaani tuni ambayo nota A hutetema mara 442 kwa sekunde. Ana pumzi, ana sikio, na nampenda kwa bidii yake. Ila swali hilo huja na karibu kila anayetoka kwenye tuba kubwa ya okestra, au kwenye matarumbeta ya kanisani, na kuingia huku kwetu. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa, nanyi mtumiane.

1. Kabla ya kuchagua ala, soma mwaka wa muziki. Neno "tuba" kwenye karatasi za leo limefunika ala ambazo hata undugu wao ni wa mbali. Wieprecht, kiongozi wa bendi za kijeshi, na Moritz, mtengeneza ala, walipata hataza ya tuba ya besi, ya F yenye valvu tano, mjini Berlin mwaka 1835. Symphonie fantastique ya Berlioz, mtunzi Mfaransa, ni ya 1830. Sasa tuba ingetoka wapi? Berlioz aliandika ofiklaidi na sepenti, besi ya mbao iliyopinda kama nyoka. Mendelssohn naye, kwenye Elijah, kazi yake ya kwaya na okestra ya 1846, bado alitaka ofiklaidi, ingawa tuba ilikwishakuwepo. Na mnaolia kila mwaka juu ya solo ya "Bydło" katika Pictures at an Exhibition ya Mussorgsky, iliyopangwa kwa okestra na Ravel, ile inayopanda hadi G-shapu, jueni kwamba mwaka 1922 wapigaji wa Paris walishika tuba ndogo ya C yenye valvu sita. Bomba lake ni nusu ya urefu wa ile CC, tuba kubwa ya C, unayoibeba mgongoni. Unapohangaika nayo si kwamba midomo yako ni mibovu. Umebeba ala isiyo yake.

2. Shingo. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili nililifanya mwenyewe.

Ofiklaidi yangu ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa, ya C, vifuniko kumi na kimoja. Ilitengenezwa kwa A ya 435, kipimo ambacho Ufaransa ilikiweka kisheria mwaka 1859. Okestra niliyoitwa ilikuwa inatuni 442. Tofauti hiyo ni kama robo ya nusu toni, na hata nilipoisukuma shingo ndani hadi mwisho, bado nilikuwa chini. Nikapiga hesabu: bomba lina karibu mita mbili na nusu, nikikata kama sentimita nne mambo yamekwisha. Nikampelekea fundi. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia kata.

C ya chini ilitoka safi kabisa, nami nikafurahi. Nikapanda skeli. Kila kifuniko nilichofungua, nota ilizidi kwenda juu kuliko inavyotakiwa. Kilichotokea ni hiki: ukipiga nota ya chini hewa inatembea karibu bomba zima, na sentimita nne ni sehemu ndogo ya safari hiyo. Ukifungua vifuniko vya juu, safari inakuwa nusu tu, na sentimita nne zile zile zinakuwa na uzito maradufu. Matundu yalitobolewa kwa kufuata shingo nzima, na tundu halisogezwi. Kwa hiyo chini nilikuwa sawa na okestra, juu nimewapita kwa robo nyingine ya nusu toni.

Niligundua ukubwa wa jambo kwenye mazoezi ya sehemu ya tano ya Symphonie fantastique, pale Dies irae, wimbo wa kale wa kanisa kwa wafu, inapoingia. Mnapajua: ofiklaidi na basuni pamoja, nota ndefu, wimbo mtupu, hakuna pa kujificha. Nilijaribu kuvuta nota chini kwa midomo. Zilishuka, na sauti ikafa nazo, ikawa kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Wapiga basuni walinisogelea kwa sauti kadiri walivyoweza, Mungu awabariki, lakini basuni ina mipaka yake. Kiongozi wa okestra alisimamisha mara tatu, kisha akaomba kwa upole sehemu yangu ipigwe na tuba. Nilikaa pembeni nikiwa na ala mapajani.

Baadaye fundi mwingine aliunga kipande kurudisha urefu. Tuni ikarudi kwa sehemu kubwa. Ndani ya bomba, pale palipoungwa, pamebaki kingo ndogo, na nota mbili hazijawahi tena kutoka wazi. Kinachoniuma zaidi ni hiki: ala ile ilipita mikononi mwa watu wengi kwa zaidi ya karne moja, na wote walimwachia aliyefuata shingo nzima. Mimi ndiye niliyekata.

Basi ukiitwa kupiga, uliza kwanza wanatuni ngapi. Kama ni 442 na ala yako ni ya 435, azima nyingine, au chukua moja ya nakala zinazotengenezwa sasa kwa tuni ya leo. Au kataa kazi.

3. Usichomeke kipande cha mdomo cha tuba kwenye ofiklaidi. Inataka kirefu, chembamba, chenye umbo la faneli.

4. Pumzi. Tuba ya leo imejengwa ijaze ukumbi, nanyi mmefundishwa kuimwagia hewa. Mkifanya hivyo kwenye besi za zamani, sauti inapasuka na nota inayumba. Brahms, Simfonia ya Pili, 1877: mwanzoni timpani inavuma taratibu, kisha tromboni na tuba zinaingia kwa kodi (nota kadhaa kwa pamoja) za sauti laini sana. Ukiwa na tuba ndogo ya F, kodi ile inasikika ya watu wanne wenye uzito mmoja. Ukileta tuba kubwa ya kontrabesi ya leo, utasikika wewe na vivuli vitatu. Verdi alilipigania hilo hilo Italia: hakuipenda bombardoni, besi ya jamii ya tuba, chini ya tromboni zake, alitaka sauti ya chini iliyo ndugu yao, na ndiyo maana tunapiga chimbaso, tromboni ya chini yenye valvu, kwenye opera yake Otello.

5. Kabla ya kusema nota fulani ya ofiklaidi "haitoki", kagua vifuniko. Chukua ukanda wa karatasi ya sigara, uweke kati ya pedi na tundu, funga, vuta polepole. Ukikwama, pedi inaziba. Ukiteleza upande mmoja, hewa inavuja hapo, na pedi ibadilishwe. Zunguka tundu lote, halafu nenda kifuniko kinachofuata. Kile cha kwanza karibu na mdomo mpana hukaa wazi, kwa hiyo ukikikagua kibonyeze kwa nguvu unayoitumia unapopiga, usizidishe.