Ukitazama dokumentari ya vita, uliza imeanzia wapi

Kwetu Tanzania dokumentari za vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda ya Idi Amin, zilitazamwa kama mpira. Zikiwekwa kwenye televisheni, nyumba nzima kimya: sauti ya Mwalimu akitaja sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin, vifaru barabarani, halafu Kampala, Aprili 1979, watu wakishangilia. Baba mdogo, aliyekwenda vitani akiwa mgambo, alikaa nasi. Ila hadithi ikikaribia Masaka, mji wa Uganda, alikuwa anainuka, anaenda kuvuta sigara. Sisi watoto tuliamini ni sigara kweli.

Miaka mingi baadaye nikapanda basi la Kampala kupitia mpaka wa Mutukula. Niliyekaa naye, mama wa makamo mwenyeji wa Masaka, akaniuliza kama najua nani aliuvunja mji wao. Nikajibu haraka: Amin. Akacheka. "Ni nyinyi, Bakombozi." Wakombozi, ndivyo walivyowaita askari wetu. Hakusema kwa chuki, na Amin mwenyewe alikuwa hataki hata kumsikia. Askari wetu waliiteka Masaka Februari 1979, wakiwa na uchungu wa waliyoyaona Kagera: raia waliouawa, vijiji vilivyoporwa, daraja la Kyaka lililolipuliwa. Wakalipiza kwa kuyalipua majengo ya mji. Jambo hili si siri, limeandikwa. Lakini katika zile nilizotazama utotoni, Masaka ilikuwa jina la mji uliotekwa, basi.

Kwa hiyo usiingie kwenye dokumentari ya vita ukiwinda uongo. Unaweza usiukute hata mmoja, na bado ukawa umeegemezwa upande. Tazama inaanzia wapi na inaishia wapi. Ikianza Oktoba 1978, majeshi ya Amin yakivuka mpaka, una hadithi iliyonyooka: tulichokozwa, tukajibu. Ikianza Januari 1971, Rais Obote wa Uganda anapinduliwa na Amin, anapewa hifadhi Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wake wenye silaha wanavuka kutoka kwetu kwenda kushambulia Mbarara na Masaka, na Amin anajibu kwa mabomu Bukoba na Mwanza. Uvamizi wa 1978 unabaki uvamizi (simsafishi mtu hapa), ila sasa una mizizi. Na mwisho ni vivyo hivyo. Ukiishia kwenye shangwe za Kampala, ni ushindi mtupu. Ukiishia 1981, vikosi vyetu vya mwisho vinatoka Uganda na nyumbani maduka hayana sabuni wala sukari, unabaki na maswali ambayo wimbo wa ushindi hauyajibu.

Sikiliza pia majina. Nilikuwa mkubwa kabla sijagundua kwamba "Nduli", yaani katili, si jina la kwanza la Idi Amin. Msimulizi akiwa na "nduli" upande mmoja na "vijana wetu" upande mwingine, kazi ya kuhukumu ameshakufanyia. Jaribu kuzima sauti dakika tano tu. Kifaru bila muziki ni chuma kinachopita barabarani. Hujui ni cha nani, wala kinaelekea wapi.

Na uliza nani aliiruhusu kamera. Barbet Schroeder alipotengeneza filamu yake juu ya Amin, mwaka 1974, Amin alijipangia maonyesho mwenyewe, hadi mazoezi ya kujifanya anaiteka milima ya Golan kutoka kwa Israel. Ilipotoka Ufaransa na vipande asivyovipenda, akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawafungia hotelini mpaka vikakatwa. Vilipokatwa, Wafaransa wakaachiwa; vipande vyenyewe vikarudishwa baada ya Amin kuanguka. Serikali nyingine hazihitaji hoteli. Hunyima kibali, au bajeti, na filamu inajikata yenyewe.

Niliporudi nilimwambia baba mdogo kwamba nimelala Masaka usiku mmoja. Akakaa kimya muda mrefu, akiizungusha sigara ambayo hakuiwasha. Kisha akaniuliza, "Wameshajenga?"